Neno la Kuomba Radhi: Tunayojifunza kwa Wajapani



Mwezi huu nataka tulifikiri swali moja lionekanalo dogo, nalo si dogo. Mtu akimkosea mwenzake, yampasa aseme nini, tena aseme kwa namna gani? Mtoto atajibu, "Aseme: Nisamehe." Amejibu vema. Lakini kila mzee wa kanisa aliyepata kuketi katika shauri la kupatanisha watu ajua ya kuwa neno hilo moja laweza kuponya, tena laweza kuzidisha jeraha. Mmoja hulisema huku ameugeuza uso wake ukutani. Mwingine husema, "Haya basi, nisameheni, twende nyumbani." Mwingine husema, "Kama nimekukosea, unisamehe", na lile neno "kama" laharibu yote yafuatayo, maana aliyekosewa huondoka na mzigo wa kuthibitisha ya kuwa kweli aliumizwa. Kisha huandikwa kitabuni kwamba shauri limekwisha, na watu wale wawili hukaa mwaka mzima bila kuamkiana.

Katika jambo hili nimeona vema tutazame watu wa mbali, yaani Wajapani. Siwaleti mbele yenu kwa kuwa ni watakatifu kuliko sisi. Wakristo kwao ni wachache, hawafiki wawili katika kila watu 100. Kanisa letu la Kilutheri lilianza huko kwa wamisionari wa Marekani waliofika mwaka 1892, wakafanya ibada yao ya kwanza katika mji wa Saga siku ya Pasaka mwaka 1893. Nawaleta kwa sababu watu wa nchi ile wameyatunza maneno ya kuomba radhi kama fundi atunzavyo vyombo vyake: kila chombo kina kazi yake, wala randa haitumiwi mahali pa nyundo. Tukiwatazama tutaona mema ya kuiga, tutaona na hatari, na kwa hayo mawili tutajifahamu wenyewe.

1. Maneno yao, na kazi ya kila neno

Lugha ya Kijapani ina irabu tano kama Kiswahili, kwa hiyo msomaji aweza kuyatamka maneno haya kama yalivyoandikwa.

Neno la kwanza ni "sumimasen". Hili ndilo lisikiwalo njiani, sokoni na katika treni. Mtu akimkanyaga mwenzake mguu, husema "sumimasen". Akitaka kumwuliza mpita njia habari ya mahali, huanza na "sumimasen", kama sisi tusemavyo "samahani, bwana". Na tena, jambo litakalowashangaza, mtu akiokotewa kitambaa chake, au akipishwa mahali pa kuketi, mara nyingi husema "sumimasen" badala ya kusema asante. Kwa nini? Maana ya asili ya neno hili ni "haijakwisha". Yaani: umejitaabisha kwa ajili yangu, nami sijakulipa, au nimekuumiza, na jambo hili halijatulia kati yetu.

Neno la pili ni "gomen nasai", maana yake "tafadhali uniachilie". Hili ni neno la nyumbani. Watoto humwambia mama yao, ndugu humwambia ndugu, rafiki humwambia rafiki. Wageni wanaojifunza lugha hiyo huonywa wasimwambie hivyo bwana wa kazi wala mnunuzi dukani, kwani litasikika kama neno la kitoto. Lakini namna yake nyingine, "gomen kudasai", ndiyo itumiwayo na mtu asimamaye mlangoni pa nyumba ya watu. Ndiyo hodi yao! Sisi twatangaza ya kuwa tumefika. Wao huomba radhi kwa kuwa wamefika.

Neno la tatu ni "shitsurei shimasu", yaani "napungukiwa na adabu". Husemwa mtu aingiapo chumbani mwa mkubwa, na atokapo, na akatapo mazungumzo ya simu. Afanyaye kazi pamoja na wengine, akiondoka jioni kabla yao, husema, "Osaki ni shitsurei shimasu", yaani, "Natenda kinyume cha adabu kwa kuwatangulia kuondoka." Hakuna aliyekosa hapo, ni desturi ya kuwakumbuka wale wanaobaki kazini.

Neno la nne ndilo zito: "moshiwake arimasen", na likiongezwa heshima, "moshiwake gozaimasen". Maana yake ni "sina neno la kujitetea". Hili humpasa mtumishi aliyeharibu kazi ya bwana wake, mwenye duka aliyempa mnunuzi kitu kibovu, na mtu yeyote aliyeleta hasara kubwa. Nawaomba mlikumbuke neno hili, maana tutalirudia.

Tena maneno haya hubadilika kwa wakati wake. Jambo likiwa bado linaendelea, husemwa kwa wakati uliopo. Likiwa limetendeka tayari, husemwa kwa wakati uliopita: "sumimasen deshita", "shitsurei shimashita". Hivyo mtu akiri si kwamba ana tabia mbaya kwa jumla tu, bali ya kwamba alitenda jambo, siku fulani, na jambo lile limetendeka.

2. Mwili na utaratibu

Mjapani haombi radhi kwa kinywa peke yake. Huinama. Wafundishao adabu za kazini hupima kuinama huko: digrii kama 15 kwa salamu ya kupishana, 30 kwa heshima ya kawaida, na 45 kwa kuomba radhi kwa jambo kubwa, naye aliyekosa hukaa ameinama kitambo, asiinuke haraka kama mtu aliyeinama kuokota kitu. Iko na namna ya kale iitwayo "dogeza", yaani kupiga magoti na kuweka paji la uso chini, lakini siku hizi ni nadra sana.

Utaratibu wa maneno nao una mafundisho. Kwanza hutangulia kuomba radhi, ndipo hufuata maelezo, na maelezo yenyewe huwa machache. Wanalo neno "iiwake", maana yake udhuru wa kujitetea, nalo kwao ni jambo la kudharauliwa. Mtu akichelewa kazini kwa sababu treni ilikawia, kampuni ya reli humpa kikaratasi cha kushuhudia kukawia huko. Anayejua adabu haingii akikipunga kikaratasi kile mbele. Huingia akisema, "Nimechelewa, nimewaletea taabu," ndipo hukitoa. Kikaratasi ni kweli, na kweli ile itasikiwa. Lakini wenzake waliofanya kazi yake wakati hayupo husikiwa kwanza.

Baada ya hayo hutaja taabu aliyoileta, kisha hutaja atakalolifanya ili kosa lisirudi. Wanalo neno "hansei", yaani kujitazama nyuma na kujihukumu. Hata shuleni, baada ya sherehe au michezo, watu hukutana kuulizana ni nini kilichoharibika na kwa nini. Kosa likiwa kubwa, haitoshi kupeleka barua. Aliyekosa huenda mwenyewe, mapema iwezekanavyo, mara nyingi akichukua sanduku la vitamu vilivyofungwa vizuri. Naye hufundishwa asilitoe lile sanduku kwanza. Aseme neno lake kwanza, asikiwe, ndipo atoe zawadi. Asije akaonekana kama mtu anayenunua msamaha.

Ndugu, linganisheni utaratibu huo na ule tuuonao mara nyingi katika mashauri yetu. Kwetu mtu huanza na maelezo, maelezo huzaa mashtaka, mashtaka huleta mashahidi, na neno la kuomba radhi, likipatikana, huja jioni watu wamechoka. Yule wa Japani huanza mahali sisi tunapoishia.

3. Je, huo si uongo?

Hapa msomaji mwenye dhamiri aweza kuuliza: mtu aombaye radhi mara 30 kwa siku, kwa kuingia na kwa kutoka, na hata kwa kupewa zawadi, je, hasemi uongo? Je, neno haliwi kama sarafu iliyochakaa, isiyosomeka tena?

Ni swali la haki. Mfano wake mmoja ulisikika ulimwenguni pote. Tarehe 14 Novemba 2017, treni ya Tsukuba Express, itokayo Tokyo kwenda Tsukuba, iliondoka katika kituo cha Minami-Nagareyama saa 3 na dakika 44 asubuhi, na sekunde 20. Ratiba ilisema iondoke kwenye sekunde ya 40. Iliwahi kwa sekunde 20 tu! Hakuna abiria aliyelalamika. Hata hivyo kampuni ilitoa tangazo siku ile ile, ikaeleza kosa lilivyotokea, ikaomba radhi kwa taabu waliyopata wasafiri. Watu wa nchi nyingine walicheka. Wengine walitamani reli zao zingekuwa hivyo.

Nijibuvyo mimi ni hivi. Kiswahili chetu chatupa ufunguo. Sisi tunalo neno "pole". Mtu akijikwaa mbele yangu, namwambia "pole", wala sikuliweka jiwe lile njiani. Mgeni wa Ulaya huweza kushangaa akisema, "Mbona waniomba radhi, nawe hukunitenda neno?" Lakini "pole" si kukiri kosa, ni kumwambia mwenzangu kwamba nimeyaona maumivu yake. Hakuna uongo hapo, kwa kuwa asemaye na asikiaye wote wawili wajua maana yake. Ndivyo yalivyo maneno mengi ya Wajapani. Si toba, ni adabu; na adabu ni ua uzungukao shamba. Ua si chakula, hakuna alaye ua. Lakini shamba lisilo ua huliwa na mbuzi. Watu waliozoea kusema neno dogo kwa jambo dogo, kinywa chao hakiwi kizito siku ya jambo kubwa.

Uongo huanza mahali pengine. Huanza pale neno la adabu linapowekwa mahali pa toba. Mtu aliyeiba akasema kana kwamba amekanyaga mguu wa mtu, huyo amesema uongo, hata akiwa ameinama digrii 45. Wajapani wenyewe walijua hilo. Kwao ni desturi, kampuni ikifanya ubaya, wakubwa wake wasimame safu moja mbele ya waandishi wa habari na kuinama pamoja. Na watu wa nchi huwatazama kwa macho makali, wakipima: je, wamesema walilolitenda, au wamesema tu kwamba wanasikitika "kwa kuwasumbua watu"? Neno la kwanza ni maungamo. La pili ni pazia.

Na pazia si la Japani peke yake. Katika Marekani wengi waliogopa kuomba radhi baada ya ajali, wasije wakahukumiwa mahakamani kwa neno lao wenyewe. Hata jimbo la Massachusetts mwaka 1986 likatunga sheria ili maneno ya huruma baada ya ajali yasitumiwe kuwa ushahidi wa hatia. Tazama jinsi mwanadamu alivyo: mmoja huomba radhi kwa wingi ili asiseme kosa lake, mwingine huogopa kuomba radhi kabisa. Wote wawili wakimbia kitu kimoja, nacho ni kusema waziwazi, "Ni mimi niliyelitenda."

4. Mkubwa aombapo radhi

Kwa wanadamu wote ni rahisi mdogo kumwomba radhi mkubwa. Atake asitake, hofu humfundisha. Jambo gumu ni mkubwa kumwomba mdogo. Hapa nina mifano miwili ya kuwapa.

Tarehe 24 Novemba 1997 kampuni ya Yamaichi, iliyokuwa moja ya nyumba nne kubwa za Japani za kuuza na kununua hisa, na yenye umri wa miaka 100, ilitangaza kwamba inafunga. Hasara kubwa ilikuwa imefichwa kwa miaka mingi. Mkuu wake, Bwana Nozawa Shohei, alikuwa ameshika cheo hicho miezi michache tu. Kuficha kule kulianza kabla yake. Mbele ya waandishi wa habari alisimama akalia machozi, akasema ya kuwa wenye kosa ni wao wakuu, wala si wafanyakazi, akawaombea wafanyakazi wale wapate kazi mahali pengine. Wako waliomdhihaki kwa machozi yake. Lakini angalieni alivyofanya: alikuwa na udhuru wa kweli, wala hakuutumia. Alikuwa na watu wa chini yake ambao angeweza kuwatupia lawama, akawafunika kwa mwili wake.

Mfano wa pili ni wa kanisa. Mwaka 1941, kwa kusukumwa na serikali ya wakati ule, makanisa ya Kiprotestanti zaidi ya 30 katika Japani yaliunganishwa kuwa kanisa moja. Walutheri nao walikuwamo, mpaka walipotoka mwaka 1947. Kanisa lile lilikubali vita, likaviunga mkono, likaomba dua kwa ajili ya ushindi. Siku ya Pasaka mwaka 1967, miaka 22 baada ya vita, kanisa hilo la umoja lilitoa maungamo kwa jina la msimamizi wake, Mchungaji Suzuki Masahisa. Halikujitetea kwa kushurutishwa, ingawa lilishurutishwa kweli. Lilisema kwamba lilipaswa kuwa mlinzi wa taifa, likaacha ulinzi wake. Likamwomba Mungu msamaha, na jirani zake wa Asia, na ndugu katika makanisa yao. Wengi ndani ya kanisa lile hawakupendezwa, mabishano yakawa marefu. Lakini neno lilikuwa limesemwa, nalo likawafikia waliodhulumiwa.

Nauliza basi: katika nyumba zetu na sharika zetu, nani amewahi kumsikia baba akimwambia mwanawe, "Nilikupiga bure, unisamehe"? Nani amemsikia mchungaji akimwambia mwinjilisti wake, mbele ya watu wale wale aliomkemea mbele yao, "Nilikosa katika kukukemea"? Wengi wetu twaogopa ya kuwa heshima itaanguka. Wahenga walisema, mwungwana akivuliwa nguo huchutama. Kuchutama si kupoteza heshima. Ni kuificha aibu kwa njia iliyo bora. Apotezaye heshima ni yule asimamaye wima, akidai ya kuwa amevaa.

5. Aibu isiyo na ondoleo

Sasa nafika kwenye hatari. Mwaka 1946 mwanamke mmoja wa Marekani, mtaalamu wa desturi za mataifa, jina lake Ruth Benedict, alitoa kitabu juu ya Wajapani, naye alikuwa hajafika kwao. Alisema ya kuwa Wajapani hutawaliwa na aibu, yaani macho ya watu, kuliko hatia iliyo moyoni. Wajapani wengi walimpinga, nami sidhani kwamba mataifa hugawanyika kwa urahisi namna hiyo. Aibu na hatia hukaa nyumba moja katika kila moyo. Lakini swali alilolileta ni la kweli: akosaye na kuomba radhi, mzigo wake huishia wapi?

Tarehe 12 Agosti 1985 ndege ya shirika la Japan Air Lines, iliyotoka Tokyo kwenda Osaka, ilianguka mlimani. Watu 520 walikufa, wanne tu wakapona. Mkuu wa shirika, Bwana Takagi Yasumoto, aliinama mbele ya waliofiwa na kuwaomba radhi, kisha akaacha cheo chake. Hayo twayaheshimu. Lakini ofisa mmoja wa matengenezo ya ndege alijiua, kama mtu aliyeona ya kuwa hakuna maneno yatoshayo kuomba radhi ila uhai wake. Na uchunguzi ulipomalizika ilionekana ya kuwa chanzo ni ukuta wa nyuma wa ndege, uliotengenezwa vibaya mwaka 1978 na mafundi wa kampuni ya Boeing iliyoiunda ndege ile.

Ndugu zangu, hapa tunyamaze kidogo. Mtu huyu tusimhukumu. Moyo wake ulikuwa mwororo kuliko mioyo ya wengi. Lakini twaona ya kuwa neno "haijakwisha", likiachwa peke yake, halina mwisho. Aliyekosa aweza kuinama chini, na chini zaidi, na bado haijakwisha. Petro na Yuda wote wawili walimkosea Bwana usiku mmoja, na wote wawili walijuta kwa uchungu. Hata Yuda aliungama na kurudisha fedha, kama isomwavyo katika Mathayo 27. Kilichowatenga si wingi wa majuto. Ni kwamba mmoja alikwenda na majuto yake mahali pasipo neno la msamaha, na mwingine alikutana tena na Bwana kando ya bahari.

Ndiyo sababu Katekisimo Ndogo ya Luther yatufundisha ya kuwa maungamo yana sehemu mbili: kuungama dhambi, na kupokea ondoleo lake. Sehemu ya kwanza bila ya pili ni kumtwika mtu gunia na kumwacha njiani. Wajapani wana neno la kweli, "haijakwisha". Sisi tumepewa neno jingine, lile Bwana alilolitangaza msalabani kabla ya kutoa roho, Yohana 19:30, ya kuwa kazi yote imetimia. Maneno haya mawili hayapigani. La kwanza lasema hali yangu na jirani yangu. La pili lasema hali yangu na Mungu kwa ajili ya Kristo. Lakini jihadharini! Mtu asilitumie la pili kulifuta la kwanza, akisema, "Mungu amenisamehe, sina deni na mtu." Zakayo alipopokewa na Bwana hakusema hivyo, alisimama akahesabu aliowadhulumu, akaahidi kurudisha mara nne, Luka 19. Na Bwana wetu, katika Mathayo 5:23-24, amtuma mtu aiache sadaka yake pale pale mbele ya madhabahu, akapatane kwanza na ndugu yake. Aliye na amani na Mungu ndiye awezaye kuikabili aibu ya kwenda kwa jirani, kwa kuwa aibu hiyo haiwezi tena kumwua.

6. Kuomba radhi kwa kushurutishwa

Mwaka 2013, katika mji wa Sapporo, mnunuzi mmoja alirudi dukani akilalamika kwamba kitu alichokinunua kina tundu. Akawalazimisha wauzaji wawili wapige magoti na kuinama mpaka chini, akawapiga picha, akaitangaza. Polisi walimkamata mnunuzi yule kwa kosa la kuwashurutisha watu. Nami naona ilikuwa haki. Kupiga magoti kunakotoka moyoni ni unyenyekevu. Kukitolewa kwa nguvu ni unyang'anyi, maana aliyenyang'anywa ni heshima ya mtu.

Jambo hili linatuhusu sana katika desturi yetu ya kuwarudisha watu kundini. Desturi hiyo ni njema: aliyeanguka hupewa njia ya kurudi, na njia ina mlango unaojulikana. Lakini mlango waweza kugeuzwa kuwa mahali pa kumkomoa mtu. Msichana aliyezaa nje ya ndoa husimamishwa mbele ya watu wote kusema maneno aliyofundishwa, na kijana aliyezaa naye huketi katika viti vya nyuma akitazama. Je, huo ni utaratibu wa ondoleo, au ni picha iliyopigwa dukani? Tena mtu akisha kurudishwa, na watu wakaendelea kumwita kwa kosa lake miaka kumi, usharika umeomba neno la toba na kukataa kulitoa neno la pili. Wajapani, wakiombwa radhi kwa jambo la kawaida, hujibu, "Ki ni shinaide kudasai", yaani, "Usiliweke moyoni, tafadhali." Nasi tulio na Injili tusishindwe na adabu ya sokoni.

7. Ya kushika

Kwa ajili yenu waalimu, nayakusanya haya ili myafundishe katika vikundi na nyumbani.

Kwanza, mfundisheni mtu ataje kosa lenyewe. Asiseme "kama nimekosa", wala "kwa yote", bali aseme, "Nilikusingizia siku ile kisimani."

Pili, kuomba radhi kutangulie, maelezo yafuate, nayo yawe mafupi. Aliye na udhuru wa kweli asiogope. Kweli yake haitaoza kwa kungojea kidogo.

Tatu, aende mwenyewe, mapema, wala asitume mtoto. Na kama kuna cha kurudisha, akirudishe.

Nne, mkubwa atangulie. Baba akiwaomba radhi watoto wake mara moja, amewafundisha kuliko kwa fimbo 100.

Tano, asishurutishwe mtu. Neno lililokamuliwa halina uhai. Mngojeeni, mwombeeni, mwambieni kweli, lakini mlango aufungue mwenyewe.

Sita, aliyeombwa radhi ajue ya kuwa naye ana kazi. Sisi kwa Kiswahili husema "niwie radhi", yaani moyo wako utulie juu yangu. Hakuna awezaye kujiwia radhi mwenyewe. Mwenzako amesimama mlangoni, amesema hodi kwa neno lake. Karibu ni yako wewe kuisema.

Juma hili, kabla hatujakaribia meza ya Bwana, kila mmoja wetu ajiulize: yuko nani ambaye jambo langu naye halijakwisha? Jina lililokujia moyoni uliposoma maneno haya, ndilo hilo. Nenda kwake.

Bwana atupe kinywa chepesi cha kuungama, na moyo mwepesi wa kusamehe. Amina.